Kamoya Kimeu na Elimu ya Kuona: Njia Isiyo ya Kawaida ya Kuingia katika Sayansi ya Visukuku

Mazungumzo ya leo yanahusu maisha ya kazi ya Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni katika nchi ya Wakamba, kusini mwa Kenya, ambaye elimu yake ya darasani ilikuwa ya miaka sita tu katika shule ya misheni, lakini ambaye alikuja kuhesabiwa miongoni mwa watafutaji hodari kabisa wa mabaki ya binadamu wa kale waliopata kutokea duniani. Hoja itakayofuatwa tangu mwanzo hadi mwisho ni moja, nayo ni hii: kuona ni sehemu ya sayansi yenyewe, na mtu anayeona kile ambacho wengine wamekipita bila kukitambua anafanya kazi ya mwanasayansi, awe ana shahada au hana. Hoja hiyo itarudiwa mara kadhaa, kwa sababu ni rahisi kuikubali kwa maneno na vigumu kuiheshimu kwa vitendo.

Kabla ya kumfikia Kimeu mwenyewe, inafaa maneno machache yaelezwe. Paleontolojia ni elimu inayochunguza viumbe walioishi zamani za kale kwa kutazama mabaki yao yaliyohifadhiwa ardhini, na mabaki hayo huitwa visukuku. Je, kisukuku hutokeaje? Mnyama akifa, kwa kawaida mzoga wake huliwa na fisi, mifupa hupasuka kwa jua na mvua, na baada ya miaka michache hakuna kinachobaki. Mara chache sana hutokea kwamba mwili unafunikwa upesi na tope la mto, mchanga wa ziwa au majivu ya volkano, na hapo maji yanayopita ardhini, yakiwa yamebeba madini, huingia katika vitundu vya mfupa na kuyaacha madini hayo humo kidogo kidogo, hata mfupa ukawa mzito na mgumu kama jiwe na mara nyingi ukachukua rangi ya udongo ulioulalia. Visukuku vya binadamu wa kale na jamaa zao wa karibu, ambao kwa Kiswahili huitwa zamadamu, ni adimu kuliko vya wanyama wengine wengi, kwani viumbe hao walikuwa wachache ukilinganisha na makundi ya swala, nguruwe na viboko walioishi nao kandokando ya maziwa yaleyale.

Sasa, ni njia gani ambayo mtu huifuata hadi akawa mtaalamu wa elimu hiyo? Njia iliyozoeleka huanzia shuleni, ikapita chuo kikuu ambako mwanafunzi husoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na tabaka za ardhi, au anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, kisha ikampeleka kwenye shahada ya uzamivu, na mwishowe ikamfikisha uwandani akiwa na vitabu kichwani na mwalimu pembeni. Njia ya Kimeu ilianzia pale ambapo ya wengine huishia. Yeye alianza uwandani, akiwa na sururu mkononi, na elimu ya miamba na ya mifupa aliipata kwa kuishika, kuifuata jangwani na kuilinganisha, mwaka baada ya mwaka.

Kimeu alizaliwa mnamo mwaka 1938 katika familia ya wafugaji, na utotoni alichunga mbuzi. Mtoto anayechunga katika nchi kavu hujifunza mambo ambayo hayamo katika mtaala wowote: hujua nyayo za jana na za leo, hutambua mnyama wake katikati ya kundi la jirani, na huzoea kutembea mchana kutwa bila macho yake kuchoka kutazama chini. Haingekuwa sahihi kudai kwamba kila mchungaji angeweza kuwa mtafutaji wa visukuku, lakini ni haki kusema kwamba uvumilivu na umakini wa macho ambao kazi hiyo inaudai haukuwa mgeni kwa kijana huyo wa Makueni.

Mnamo mwaka 1960, Kimeu alipokuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, aliajiriwa kama mchimbaji na Louis Leakey na mkewe Mary, watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanganyika, nchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Baadaye Kimeu alieleza kwamba alipoisikia kwanza habari ya kuchimba mifupa alidhani ni kazi ya kufukua makaburi, na ni rahisi kuelewa kwa nini wazo hilo lilitisha, kwa kuwa katika jamii alimokulia, kama ilivyo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mifupa ya marehemu haishikwi ovyo. Alipofika Olduvai alikuta kazi ya namna nyingine kabisa, yaani kuondoa udongo kwa uangalifu kutoka juu ya mifupa iliyokuwa imegeuka jiwe kabla kaburi lolote halijachimbwa duniani. Hapo ndipo masomo yake yalipoanza, na waliomzunguka hawakuchelewa kugundua kwamba kijana huyu hakuchimba tu, bali alitazama.

Ushahidi wa kwanza mkubwa ulikuja Januari 1964, huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Ili uzito wa jambo hilo ueleweke, inabidi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1959 Mary Leakey alikuwa amegundua huko Olduvai fuvu maarufu lililopewa jina la Zinjanthropus, la zamadamu mwenye meno mapana ya kutafunia na uso mkubwa, lakini fuvu hilo lilipatikana bila taya la chini, kwa hiyo sehemu muhimu ya kinywa cha kiumbe huyo ilibaki kukisiwa. Huko Peninj, katika msafara ulioongozwa na Richard Leakey, mtoto wa Louis na Mary, pamoja na mwanaakiolojia Glynn Isaac, Kimeu aliliona taya la chini, karibu zima, lenye meno yake, la zamadamu wa aina ileile. Nusu iliyokosekana katika picha ya kiumbe huyo ilipatikana kwa macho ya mtu ambaye miaka michache kabla ya hapo hakuwa amewahi kusikia habari za zamadamu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1967, Kimeu alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichokwenda kusini mwa Ethiopia, kwenye bonde la Mto Omo, na huko aliyapata mabaki yanayojulikana kwa wataalamu kama Omo I. Mabaki hayo ni ya binadamu wa aina yetu hasa, Homo sapiens, na upimaji uliofanywa upya na kutangazwa mwaka 2022 umeonyesha kuwa yana umri usiopungua miaka 200,000. Kuanzia mwaka 1968 kazi ilihamia mashariki mwa Ziwa Turkana, katika eneo la Koobi Fora, ambako Kimeu alikuwa mkono wa kulia wa Richard Leakey na kiongozi wa shughuli za uwandani kila Leakey alipokuwa hayupo. Mwaka 1973 aliliona huko fuvu dogo lenye namba 1813, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.9, ambalo mpaka leo ni sehemu ya mjadala kuhusu idadi ya jamii za zamadamu walioishi wakati mmoja katika nchi hiyo. Mwaka 1977 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalimpa dhamana ya kusimamia maeneo yote ya kale ya nchi hiyo.

Hapa msikilizaji ana haki ya kuuliza: je, si bahati tu? Nchi ile ina mifupa, mtu anatembea, siku moja anaikanyaga; sayansi iko wapi? Swali hilo ni la msingi, na jibu lake linahitaji kueleza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

Katika nchi kavu ya Turkana, mvua chache zinazonyesha huwa kali, maji yake hukwangua vilima vya udongo wa kale, na kila msimu mmomonyoko hutoa juu ya ardhi vitu vilivyokuwa vimefichika. Ardhi hiyo imetapakaa kokoto za lava, vipande vya mifupa ya viboko, magamba ya kasa, meno ya nguruwe na mapande ya miti iliyogeuka jiwe, vyote vikiwa na rangi zinazokaribiana. Watafutaji hutembea polepole, kila mmoja na sehemu yake, asubuhi kabla jua halijawa kali, na miongoni mwa maelfu ya vipande wanavyovipita wanatakiwa kukitambua kipande cha zamadamu, ambacho pengine hakizidi ukubwa wa ukucha. Mwanamke anayechambua mchele kwenye sinia huliona jiwe kabla hajajua kwamba ameliona, kwa sababu macho yake yameshaizoea punje. Vivyo hivyo Kimeu alikuwa ameizoea mifupa ya wanyama wote wa kawaida kiasi kwamba mkunjo usio wa kawaida, unene usiotarajiwa au mshono kati ya mifupa miwili ya kichwa ulimsimamisha mara moja. Kukitambua kipande cha fuvu la zamadamu kati ya vipande vya magamba ya kasa, hali kimepauka na kuvunjika, ni hukumu ya anatomia inayotolewa kwa miguu, juani, bila kitabu.

Wala kazi haikuishia kwenye kutambua. Mtafutaji mwaminifu hakiokoti kipande na kukitia mfukoni, kwa kuwa thamani ya kisukuku hutegemea kujulikana kwake mahali kilipotoka. Mfupa hauwezi kusema umri wake peke yake; umri huo hukadiriwa kutokana na tabaka za majivu ya volkano zilizo juu na chini yake, ambazo madini yake yanaweza kupimwa katika maabara. Kwa sababu hiyo huko Koobi Fora mahali pa kila kisukuku muhimu palitiwa alama kwa kutoboa tundu la pini kwenye picha iliyopigwa kutoka angani, na uwandani pakawekwa nguzo ndogo ya saruji yenye namba. Mfupa uliookotwa bila kumbukumbu ya mahali hupoteza sehemu kubwa ya habari zake. Kimeu aliyajua hayo yote, akayafundisha kwa vijana waliojiunga na kikosi chake, kikosi ambacho wenzao wa kigeni walikipa jina la Kikosi cha Zamadamu. Mmoja wa wenzake, Bernard Ngeneo, ndiye aliyeliona mwaka 1972 fuvu maarufu lenye namba 1470. Watu wachache wanaopata mambo makubwa mara kwa mara, msimu baada ya msimu, katika nchi ambayo wengine huipita bila kuona kitu, hawawezi kuelezwa kwa bahati. Hivyo inafaa kurudia: kuona ni sehemu ya sayansi.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni ule wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Agosti 1984. Kikosi kilikuwa kimepiga kambi karibu na mto wa mchanga usio na maji, na siku yenyewe ilikuwa ya mapumziko, wengine wakifua nguo na wengine wakilala. Kimeu alitoka akatembea kuvuka mto, na kwenye mteremko uliojaa kokoto nyeusi akakiona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, chenye rangi isiyotofautiana sana na mawe yaliyokizunguka. Kwa unene na mkunjo wake aliamua kwamba ni cha zamadamu, na kwa redio ya mawasiliano akapeleka habari Nairobi. Richard Leakey na mwenzake Alan Walker walipofika hawakuwa na matumaini makubwa, maana kipande kilikuwa kidogo na mahali penyewe hapakuvutia, lakini udongo ulipochekechwa kwa uangalifu, kipande kilifuatwa na kingine, na kingine tena, hata mifupa ya uso ikapatikana imeshikwa na mizizi ya mti wa miiba.

Uchimbaji uliendelea kwa misimu kadhaa, na kilichotoka ardhini kilikuwa kiunzi cha mvulana wa jamii ya Homo erectus aliyekufa karibu miaka milioni 1.5 iliyopita, chenye mifupa zaidi ya 100, kikiwa kimekosa hasa mifupa ya viganja na nyayo. Kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi hicho? Kwa sababu mpaka wakati huo wataalamu walikuwa wakizisoma jamii hizo za kale kwa taya hapa na kipande cha fuvu pale, na hapakuwa na mwili wa umri huo uliokamilika kiasi hicho, ambao kichwa chake, mbavu, nyonga na miguu vilitoka kwa mtu mmoja. Mvulana huyo, ambaye kwa kuchunguza ukuaji wa meno yake wanasayansi wengi hukadiria alikuwa na umri wa miaka minane au tisa, alikuwa tayari na urefu wa karibu sentimita 160, na miguu yake mirefu ilionyesha mwili uliofaa kutembea mbali katika nchi ya joto. Maswali kuhusu jinsi watoto wa kale walivyokua, lini mwili wa binadamu ulipata umbo lake la sasa, na jinsi ulivyostahimili jua la Afrika yalipata msingi mpya, na msingi huo ulianza kwa kipande kimoja ambacho mtu mmoja alikubali kuinama na kukitazama siku ya mapumziko.

Sasa mazungumzo yanafika kwenye jambo lililo zito zaidi, nalo ni suala la sifa. Makala ya kwanza ya kisayansi iliyoutangaza mwili huo, iliyochapishwa mwaka 1985 katika jarida la Nature, ilitiwa saini na waandishi wanne, yaani Frank Brown, John Harris, Richard Leakey na Alan Walker, na jina la Kimeu halikuwa miongoni mwao. Inapasa kusema kwa haki kwamba Leakey na Walker hawakuficha kamwe kwamba mgunduzi alikuwa Kimeu, na kwamba desturi ya wakati ule katika taaluma hiyo ilikuwa kuwahesabu waandishi kuwa ni wale waliochambua na kuandika. Lakini desturi hiyo ndiyo inayohitaji kuulizwa. Kama anayepima umri wa majivu ni mwandishi, na anayelinganisha meno ni mwandishi, kwa nini anayetambua mfupa ambao bila yeye hakungekuwa na meno ya kulinganisha asihesabiwe hivyo?

Mtu anaweza kujibu kwamba tofauti ilikuwa shahada. Jibu hilo halisimami. Mary Leakey, aliyezaliwa London mwaka 1913, alifukuzwa katika shule za utotoni, hakusoma chuo kikuu kwa ajili ya shahada, na aliingia katika elimu ya kale kwa kipaji chake cha kuchora zana za mawe. Richard Leakey aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16 na hakupata shahada ya chuo kikuu kwa masomo. Wote wawili waliitwa wanasayansi, na walistahili kuitwa hivyo, kwa kuwa kazi yao iliwashuhudia. Kwa kipimo hichohicho, Kimeu naye anastahili jina hilo. Mlango ambao ulikuwa wazi kwa mtu mwenye jina la ukoo lililojulikana, mwenye kuimudu lugha ya majarida na kuzaliwa upande wa watawala wakati wa ukoloni, ulikuwa mwembamba zaidi kwa mtoto wa mfugaji wa Makueni, na kwamba aliupita hata hivyo, mbele ya macho ya dunia, kunaonyesha ukubwa wa uwezo wake.

Heshima, kwa kweli, zilikuja. Mwaka 1985 Kimeu alipokea katika Ikulu ya Marekani, kutoka kwa Rais Ronald Reagan, nishani ya LaGorce ya shirika la National Geographic. Viumbe wawili wa kale wamepewa majina yanayomkumbuka: Kamoyapithecus, sokwe wa kale aliyeishi kaskazini mwa Kenya zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na Cercopithecoides kimeui, aina ya mbega wa kale aliyekuwa na mwili mkubwa. Mwaka 1994, huko Kanapoi, kusini magharibi mwa Ziwa Turkana, alipata mfupa wa muundi, yaani mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, uliosaidia kuthibitisha kwamba zamadamu wa jamii ya Australopithecus anamensis, iliyotangazwa mwaka uliofuata na mtafiti Meave Leakey na wenzake, walitembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita. Na mwaka 2021 chuo kikuu cha Case Western Reserve, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kilimpa shahada ya udaktari ya heshima. Alifariki dunia Julai 2022. Chuo hicho kilikuwa kimekiri, ingawa Kimeu alikuwa tayari mzee, kile ambacho ardhi ya Turkana ilikuwa imekishuhudia kwa zaidi ya nusu karne.

Wasikilizaji wapendwa, ni mafunzo gani yanayotokana na maisha hayo? La kwanza linawahusu walimu na wazazi. Shule ni njia kuu ya kuingilia elimu, na hakuna anayepaswa kumshawishi mtoto aiache, lakini mwalimu anayemwona mwanafunzi mwenye macho makali, anayejua miti, ndege na mawe ya kijijini kwake kuliko vitabu vyake, asimwambie kwamba maarifa hayo hayana thamani. Njia iwekwe kutoka kwenye maarifa hayo hadi maabara, ili mtu wa namna ya Kimeu asilazimike kungoja shahada mpaka uzeeni.

La pili linawahusu wale wanaoandika vitabu vya shule, maelezo ya makumbusho na makala za kisayansi. Kila kisukuku kinachoonyeshwa kiandikwe jina la aliyekiona pamoja na majina ya waliokichambua, na wagunduzi wa uwandani waingizwe katika orodha ya waandishi pale ambapo utambuzi wao ndio uliouanzisha utafiti. Mtoto wa Makueni, wa Lodwar au wa Karatu anayetazama kiunzi cha mvulana wa Nariokotome anapaswa kusoma hapohapo kwamba aliyekiona kwanza ni mtu aliyechunga mbuzi kama yeye.

La tatu linamhusu kila anayesikiliza. Nchi za Afrika Mashariki bado zinatoa mabaki ya kale kila mvua inaponyesha, na sheria za Kenya na za Tanzania zinataka mtu anayeyagundua atoe taarifa kwa mamlaka. Kwa hiyo mkulima, mchungaji au mchimba mchanga akikuta mfupa mzito uliogeuka jiwe, asiuondoe wala kuuosha, kwa sababu mahali ulipo ni nusu ya habari zake. Aweke alama, akumbuke mahali, na apeleke habari kwenye ofisi ya makumbusho au ya mambo ya kale iliyo karibu, kwanza kupitia uongozi wa kijiji ikibidi. Anapofanya hivyo, anashiriki katika sayansi, na ana haki ya kudai jina lake liandikwe.

Mazungumzo haya yanaishia hapa. Wale wenye watoto shuleni wanaombwa wawasimulie jioni hii habari za Kamoya Kimeu, mwanasayansi kutoka Makueni.